Chupa za Mwaa Mwekundu

Bi Mwatum alikuwa anaponda tangawizi kwenye kinu pale jirani yake Kijakazi alipoingia uani bila hodi, simu mkononi.

"Dada, weka mchi chini usikilize."

"Nini tena asubuhi yote hii?"

"We sikiliza kwanza."

Sauti ilitoka kwenye simu, na Bi Mwatum aliijua kabla haijamaliza salamu. Ilikuwa sauti ya Thabit, mwenye duka la njia panda hapo hapo Vitongoji, ambaye huu ulikuwa mwaka wa pili akimuuzia vinywaji vyake. Alikuwa akihema kama mtu aliyekimbizwa. Alisema chupa ya tangawizi ya Bi Mwatum imepasuka dukani jana, imemchana mkono Mzee Ahmada, fundi cherehani, hadi kashonwa nyuzi sita, na duka zima limenuka ulevi. "Ndugu zangu Waislamu," sauti ilimalizia, "kile si kinywaji, ni pombe. Tumelishwa haramu bila kujua. Chupa zilizobaki nimeshazipeleka kwa Sheha. Wajulisheni na wenzenu."

Kijakazi aliizima simu. "Iko kila pahala," alisema. "Kwenye kundi la maulidi, kwenye kundi la wazazi wa skuli. Dada yangu wa Wete kanirejeshea mimi, ananiuliza ni Mwatum yupi huyu."

Bi Mwatum aliutazama mchi uliokuwa mkononi mwake, akauweka juu ya kinu taratibu, akajifuta viganja kwenye kanga. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Tangu mumewe afariki hakuna aliyewahi kumwambia neno la kumuinamisha kichwa. Na leo jina lake lilikuwa linazunguka kisiwa kizima, ndani ya simu za watu asiowajua, pamoja na neno pombe.

"Kaja kuniuliza?" hatimaye alisema. "Thabit, kaja hapa kwangu akaniuliza hata mara moja?"

"Sijui, dada."

"Hakuja! Kutoka dukani kwake hadi hapa ni mwendo wa kupika chai. Kaona tabu kutembea, kaona raha kunitangaza!"

Kinywaji chenyewe alifundishwa na shangazi yake, na hakuna mtu Vitongoji aliyekuwa hakijui. Tangawizi ilipondwa, ikachemshwa na sukari na iliki, ikatiwa ndimu, ikaachwa ipoe hadi iwe vuguvugu. Hapo ndipo aliponyunyiza hamira, kidogo mno, chembe za kushika kwa ncha ya vidole viwili, ile ile hamira ya mkate wa kumimina. Baada ya kuchuja alijaza chupa, akaacha nafasi ya vidole viwili shingoni, akagonga kizibo cha bati. Chupa zililala chumba cha nyuma, chini ya gunia lililoloweshwa, usiku mmoja na mchana mmoja. Hamira ilikula sukari kidogo, ikatoa gesi, na gesi ikakosa pa kutokea ikabaki ndani ya kinywaji. Kila alipopika, katika kila pishi alijaza pia chupa moja ya plastiki, aibonyeze kwa kidole gumba. Ikishakuwa ngumu kama jiwe, basi gesi imetosha, na chupa zote ziliingia kwenye friji siku hiyo hiyo. Baridi ililaza hamira. Toka hapo, siku saba, kinywaji kiwe kishanywewa.

Siku saba. Maneno hayo alimwambia Thabit siku ya kwanza, akamrudia siku ya pili, na kila alipompelekea kreti. Kaa nazo kwenye friji, zisimame wima, zisikae joto, zisipite siku saba. Na kwa kuwa Thabit alisema hana kichwa cha kukumbuka tarehe, Bi Mwatum alianza kufunga shingo ya kila chupa kwa mwaa, ule wa kusukia mikeka, uliotiwa rangi. Pishi la wiki hii kijani, la wiki ijayo zambarau, linalofuata jekundu. Akipita dukani aliangalia rangi tu, akajua ipi imezeeka.

Jambo la kwanza alilofanya asubuhi ile ni kwenda kumtazama mgonjwa. Mzee Ahmada alikuwa amekaa kibarazani kwake, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kiwiko, cherehani imefunikwa kitambaa.

"Asalaam alaykum, Mzee Ahmada. Nimekuja kukupa pole."

"Waalaykum salaam, Bi Mwatum. Nimeshapoa. Kaa."

Hakukaa. Mzee alieleza bila chuki. Alikwenda kununua nyuzi, akaegemea mlango wa stoo, akasikia kishindo kama baruti, kisha damu.

"Stoo?" Bi Mwatum alimkatiza. "Si kwenye friji?"

"Stoo, nyuma. Pale kwenye magunia ya mkaa."

"Na harufu wanayoisema?"

Mzee Ahmada alijikuna ndevu. "Nisikufiche, mwanangu. Mimi ujanani nimefanya kazi Tanga, nyumba ya pili kutoka kilabuni. Ile harufu naijua. Ilikuwepo."

Maneno hayo yalimchoma kuliko ya Thabit, kwa kuwa mzee huyu hakuwa mwongo. Aliaga akaondoka, na njiani simu yake ililia. Alikuwa Bi Ummi, kiongozi wa kundi la maulidi la akina mama, mtu aliyesoma naye chuo cha Kurani tangu wako na meno ya utotoni. Alizunguka zunguka, akauliza hali, akauliza miguu, kisha akafika alipokuwa anakwenda.

"Ile Alhamisi, shoga, wenzetu wameona ni vyema upumzike kidogo. Mpaka mambo yatulie."

"Nipumzike na nini? Na kusoma maulidi?"

"Si mimi niliyesema, Mwatum. Ni watu."

"Watu hao hawana majina?"

Bi Mwatum alikata simu, akasimama kando ya barabara. Miaka kumi na tisa alikuwa akikaa safu ya mbele kwenye maulidi yale. Waliokuwa wakizinywa tangawizi zake na kuomba nyingine ni hao hao, wengine wakifunga chupa kwenye mkoba wawapelekee waume zao. Hakuna aliyelewa. Hakuna aliyepepesuka. Leo wote wamesahau ladha ya vinywa vyao wenyewe, wameamini simu.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya Sheha.

Sheha Mbarouk alikuwa mtu mpole anayependa mambo yaishe bila kelele. Kreti mbili zilikuwa kwenye pembe ya ofisi yake, zimefunikwa turubai kama maiti. Thabit naye alikuwepo, kaitwa kuandika maelezo. Alipomwona Bi Mwatum alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Bi Mwatum, afadhali umekuja mwenyewe," Sheha alisema. "Nilikuwa nakuitisha. Kwanza nikuulize, hizi chupa za kahawia, si ndizo za bia?"

"Ndizo. Nazichukua kwenye hoteli za watalii, nazichemsha. Kioo chake kinene, hakipasuki ovyo kama cha soda, na rangi yake inazuia jua. Chupa haina dini, Sheha. Nawe hiyo asali mezani kwako imo kwenye chupa ya nini?"

Sheha aliitupia jicho asali yake, chupa ya kahawia yenye shingo ndefu, akakohoa.

"Nifungulieni moja," Bi Mwatum alisema.

"Hizi ni kielelezo..."

"Nifungulie, Sheha. Nimetukanwa kwa ajili yake, nina haki ya kuinusa."

Sheha alileta kifungulio, akaishika chupa kwa kitambaa, uso kaugeuzia dirishani. Kizibo kiliruka hadi darini. Povu lilipanda likamwagika sakafuni, nusu ya chupa, halikomi. Bi Mwatum alimimina kidogo kiganjani akainusa.

Mzee Ahmada hakusema uongo. Utamu wote ulikuwa umeliwa. Ilibaki harufu kali, chachu, ya kupanda puani. Ilikuwa pombe.

Thabit aliuona uso wake. "Si nilisema?" alidakia. "Ona, hata mwenyewe kanyamaza!"

Bi Mwatum alikuwa amenyamaza kwa sababu alikuwa anakitazama kizibo. Alikiokota pale kilipoangukia, akakigeuza kwenye mwanga. Shingo ya chupa ilikuwa tupu, haina mwaa. Lakini chupa ikitoka kwenye friji hutokwa jasho, na mwaa ukilowa huchuja rangi. Kwenye meno ya kizibo, pale bati linapojikunja, rangi ilikuwa imegandia. Nyekundu.

Akalifunua turubai. Alizishika chupa moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja yenye mwaa, na vizibo vyote vilikuwa na meno mekundu.

"Thabit," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mwaa wangu uko wapi?"

"Mwaa gani?"

"Pishi jekundu la mwisho nilikuletea wiki moja kabla ya Ramadhani. Leo tuko mfunguo mosi, Idi imekwisha pita. Hizi chupa zina wiki sita! Ulizitoa kwenye friji lini? Nani kakata mwaa?"

"Labda ulikatika wenyewe."

"Ukakatika kwenye chupa zote arubaini?"

Sheha aliinua mkono. "Taratibu, Bi Mwatum. Tutajuaje kwamba haikuwa hivi tangu ilipotoka kwako?"

Swali lilikuwa la haki, na Bi Mwatum alilipokea hivyo. "Kila pishi huweka chupa mbili nyumbani," alijibu. "Zinakaa nyuma kabisa ya friji yangu, siziuzi wala sizinywi, hadi kreti zote zirudi tupu. Nyekundu bado ninazo. Pishi moja, siku moja, sufuria moja. Zije zipimwe pamoja na hizi. Na asipime mimi wala Thabit."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya pili, Mwalimu Intisar, anayefundisha kemia kwenye skuli moja ya sekondari Chake Chake, aliombwa na Sheha aje na vyombo vyake. Alikuwa binti mdogo wa umbo, mwenye miwani, asiyependa kusema zaidi ya anachokijua. Bi Mwatum alipompa mkono alimwambia, "Mwanangu, usinihurumie. Useme utakachokiona." Na Intisar alijibu, "Hayo ndiyo niliyojia, Bi Mwatum."

Alichemsha kwanza kinywaji cha stoo. Mvuke ulipita kwenye mrija mrefu wa kioo, ukapoa, ukadondoka tone moja moja kwenye kikombe. Matone ya mwanzo aliyawasha kiberiti. Moto wa buluu ulitambaa juu yake, mwembamba, hauonekani vizuri hadi Sheha alipofunga dirisha. Kisha mwalimu akachukua chupa iliyoletwa na Bi Mwatum, mwaa mwekundu ukiwa bado umefungwa shingoni. Alifanya vile vile, mrija ule ule, moto ule ule. Alipowasha kiberiti, njiti iliingia kwenye matone ikazimika. Akawasha ya pili. Ikazimika. Ya tatu nayo.

"Kinywaji kilikuwa kimoja," Intisar alisema. "Hamira ikikaa baridi inalala. Ikikaa kwenye joto inaendelea kula sukari, na kila inapokula inatoa vitu viwili, gesi na ulevi. Gesi ndiyo iliyopasua chupa. Wiki zote hizo chini ya mabati, isingeweza kuwa vyengine. Lakini na jengine niliseme, kwa kuwa nimeambiwa niseme. Hata hii ya friji haiko sifuri. Kiasi ni kidogo mno, vyombo vyangu havikioni. Ila kipo, kama kilivyo kwenye unga wowote uliotiwa hamira ukaumuka."

Bi Mwatum alitikisa kichwa taratibu. Neno hilo lilimwingia, akaliweka pembeni alifikirie akiwa peke yake. Sasa hivi alikuwa na mtu wa kumaliza naye.

Thabit hakungoja kuulizwa tena. Alisema umeme wa dukani kwake ulikatika siku tatu mfululizo mwanzoni mwa Ramadhani, na uliporudi friji aliihitaji kwa juisi za kufuturu na pweza wa Idi. Akazitoa chupa akaziweka stoo. Alikusudia kuzirudisha, akasahau. Alipokumbuka, siku zilikuwa zimepita nyingi, na aliona hasara kuzirejesha kwa mwenyewe. Akakata mwaa ili Bi Mwatum akipita asijue, yeye aendelee kuziuza.

"Na ilipopasuka?" Sheha aliuliza.

"Niliogopa. Mzee Ahmada anavuja damu, watu wamejaa, wananitazama mimi."

"Ukaona bora watazame kwangu," Bi Mwatum alisema.

Sheha Mbarouk alivua kofia, akaifuta, akaivaa tena. "Basi, alhamdulillahi, ukweli umejulikana. Thabit atamgharamia Mzee Ahmada matibabu. Nyinyi ni majirani, mwezi wenyewe huu wa kheri. Peaneni mikono, tusameheane, yaishe humu humu ndani."

Thabit alinyoosha mkono upesi.

Bi Mwatum hakuushika. "Yaishe humu ndani?" alisema. "Sheha, nakuheshimu. Lakini mimi sikutukanwa humu ndani. Nilitukanwa Wete, nilitukanwa Tumbe, nilitukanwa Fundo, kokote simu ilikofika. Watu wanne waliomo chumbani humu wakijua mimi si mpika pombe, itanisaidia nini? Wote wale wataendelea kujua nilivyotangazwa. Alitumia sauti yake kunichafua. Aitumie hiyo hiyo kunisafisha. Leo, hapa, mbele yangu."

"Bi Mwatum, mtoto wa watu ataaibika."

"Mimi je? Mimi sina watu?"

Sheha alimgeukia Thabit, akamwashiria simu kwa kidevu. Intisar alikuwa akifunga vyombo vyake, lakini alifunga polepole sana.

Thabit alitoa simu. Mara ya kwanza alisema kwamba imetokea hali ya kutoelewana kuhusu kinywaji fulani. Bi Mwatum alimwambia afute. "Hakuna kutoelewana. Mimi nilikwambia siku saba, ukanielewa vizuri." Mara ya pili alisema chupa zilikaa vibaya. "Zilikaa vibaya zenyewe? Zina miguu? Futa." Jasho lilimtiririka Thabit hadi kwenye kola ya kanzu. Mara ya tatu alifumba macho akasema yote. Alitaja stoo, akataja wiki sita, akasema yeye mwenyewe ndiye aliyekata alama ili watu wasijue kuwa kinywaji kimezeeka. Akasema Bi Mwatum wa Vitongoji hakupika pombe, na kwamba alimsingizia akijua.

"Sasa ipeleke kila ulikopeleka ile," Bi Mwatum alisema, akasimama nyuma ya bega lake, akitazama majina ya makundi yakipita mpaka la mwisho.

Alipofika nyumbani alidhani angejisikia mwepesi. Hakujisikia. Simu zilianza kumiminika kabla ya alasiri, wale wale wa jana, sauti zimejaa sukari. Wengi walisema wao tangu mwanzo hawakuamini. Aliwasikiliza akajiuliza, kama wote hawakuamini, nani aliyekuwa akiisambaza.

Bi Ummi alikuja mwenyewe, na sinia la mkate wa kumimina lililofunikwa kawa. Alikaa kwenye mkeka.

"Alhamisi tunakungojea, Mwatum. Nafasi yako ipo pale pale."

"Nafasi yangu ilikuwepo pale pale jana vile vile."

"Tulisikia tu, shoga. Unajua mambo ya simu."

"Nayajua. Na wewe unanijua mimi tangu tunaokota embe pamoja. Ulikuwa na namba yangu, Ummi. Ulipiga kuniondoa. Kwa nini hukupiga kuniuliza?"

Bi Ummi aliinamisha uso. Alisema kwa sauti ndogo, "Niliogopa wasije wakasema na mimi." Lilikuwa jibu la kweli, la kwanza la kweli kupata siku mbili zile, na kwa ajili yake tu Bi Mwatum alinyanyuka akachemsha chai. Wakaula mkate pamoja.

Alhamisi alikwenda. Alikaa safu ya mbele, akasoma kama anavyosoma siku zote. Tangawizi hakupeleka, na walipomuuliza alisema hajapika.

Ilikuwa kweli hajapika. Lile neno la Mwalimu Intisar lilikuwa bado linamzunguka kichwani. Alilipeleka kwa shehe mmoja wa Chake anayemuamini, akamweleza kipimo, siku na baridi, bila kuficha. Alipewa jibu lililomtosha roho yake, ingawa hakumwambia mtu, maana aliona wameshaijadili dini yake vya kutosha. Mwezi uliofuata alirudi kwenye kinu. Hakupeleka tena chupa kwenye duka la mtu yeyote. Anayetaka alikuja kwake mlangoni, akapewa chupa ya baridi kutoka kwenye friji, akaambiwa ainywe leo au kesho, asiiweke. Aliacha na chupa za kioo. Alijaza za plastiki peke yake, ambazo mtu yeyote akizibonyeza kwa kidole anajua mwenyewe ndani kukoje.

Thabit alikuja mara mbili kuomba warudiane biashara. Mara ya kwanza Bi Mwatum hakutoka. Mara ya pili alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia amemsamehe kwa ajili ya Mungu, na kwamba dukani kwake hatatia mguu. Thabit alisema, basi huko si kusamehe.

"Wewe si wa kunifundisha maana ya maneno," Bi Mwatum alimjibu, akaufunga mlango.